Kulala, kusinzia, kupitiwa na usingizi: mwongozo kamili wa kuyasema kwa Kiingereza

Mlinzi mmoja wa usiku, niliyekuwa nikimfundisha Kiingereza katika darasa la watu wazima, alipokea simu ya mapokezi saa tano usiku. Aliyepiga alikuwa akimtafuta mgeni wa chumba cha juu, na mlinzi akamjibu kwa adabu: "He has slept, sir." Moyoni alikuwa amesema "Amelala, bwana," na kila neno aliona limepata mwenzake. Mpigaji simu alielewa kwamba mgeni alikwisha kupata usingizi wake na sasa yuko macho, akaomba aunganishwe na chumba, na mlinzi hakuona namna ya kumkatalia. Mgeni akaamshwa kutoka usingizi mzito baada ya safari ndefu, na asubuhi lawama zote zikamwangukia mlinzi.

Sikuweza kumlaumu. Neno "sleep" alilijua tangu shule ya msingi, na nyakati za Kiingereza alikuwa amezikariri vizuri kuliko wenzake wengi. Kilichomponza ni kwamba kitenzi chetu "kulala" hubeba kazi nyingi ambazo Kiingereza kimezigawia maneno mbalimbali, na kwamba kiambishi "-me-" kilichomo katika "amelala" hakifanyi kazi ileile inayofanywa na "has". Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakuomba, kabla ya kutafuta neno lolote, ujiulize kwanza ni dakika ipi ya usiku unayoizungumzia. Ukishaijua dakika hiyo, neno lake hupatikana bila taabu kubwa.

Hatua ya 1: Ugawe usiku katika vipande

Tunasema mtu amelala hata akiwa amejinyoosha tu mkekani na macho yake yako wazi. Tunasema analala saa nne tukimaanisha saa anayopanda kitandani. Tunasema alilala Morogoro tukimaanisha alipitisha usiku huko, hata kama usiku wenyewe aliumaliza kwa mazungumzo na wenyeji wake. Tena tunasema amelala tukimaanisha usingizi umekwisha kumchukua. Msikilizaji wa Kiswahili huipata maana kutokana na mazingira, lakini msikilizaji wa Kiingereza hutarajia kuisikia katika neno lenyewe.

Sentensi ifuatayo ndiyo ninayoiandika ubaoni siku ya kwanza, na ningekushauri uikariri yote: "I went to bed at ten, lay awake for an hour, fell asleep at about eleven and slept until six." Kwa Kiswahili tungesema: "Nilipanda kitandani saa nne, nikakaa macho saa nzima, usingizi ukanichukua kama saa tano, nikalala mpaka saa kumi na mbili." Humo mna vipande vinne. "Go to bed" ni kwenda kitandani kwa nia ya kulala, wala neno hili halisemi lolote kuhusu kama usingizi ulikuja au haukuja. "Lie awake" ni kukaa kitandani macho yakiwa makavu. "Fall asleep" ni ile nukta ya kuvuka kutoka kuwa macho kuingia usingizini. "Sleep" ni muda wote unaofuata, kuanzia nukta hiyo hadi kuamka.

Angalia pia kwamba "go to bed" haichukui "the". Ukisema "go to the bed", unamwambia mtu akiendee kitanda kama kitu, pengine akatandike shuka au achukue mto. Swali la "What time do you sleep?" linasikika sana Nairobi na Dar es Salaam na hueleweka, lakini katika Kiingereza cha Uingereza au Marekani swali la kawaida ni "What time do you go to bed?" Kwa kulala mahali fulani safarini, "stay the night" au "spend the night" ndiyo salama zaidi: "We spent the night in Morogoro." Na usisahau kugeuza saa, maana usingizi wa saa nne ya Kiswahili ukitajwa kama "four o'clock" utamfanya msikilizaji adhani ulikesha hadi karibu na alfajiri.

Hatua ya 2: Pambanua hali na tukio

Hapa ndipo penye mzizi wa kosa la mlinzi, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Katika Kiswahili, vitenzi kadhaa vya hali ya mwili vikichukua "-me-" hueleza hali iliyopo sasa hivi. "Amekaa" ni mtu aliye kitini sasa. "Amesimama" ni mtu aliye wima sasa. "Amechoka" ni mtu mwenye uchovu sasa, na "amelala" ni mtu aliye usingizini sasa. Kiingereza huzieleza hali hizi zote kwa kitenzi "be": "He is sitting", "He is standing", "He is tired", "He is asleep". Wanafunzi wengi hawakosei katika "He is tired", kwa sababu walifundishwa hivyo mapema, lakini wakifika kwenye "amelala" hurudia "has" kana kwamba ni jamii nyingine. Iweke "amelala" katika ukoo mmoja na "amechoka", na nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Kipimo ninachokitumia ni neno "bado". Ikiwa unaweza kusema "bado amelala" na maana yako ikabaki ileile, basi Kiingereza chake ni "He is still asleep" au "He is still sleeping". Ikiwa jambo ni la zamani, "alikuwa amelala" huwa "He was asleep", na la baadaye, "atakuwa amelala", huwa "He will be asleep." Mlinzi wetu alipaswa kusema: "I'm sorry, sir, he's asleep. May I take a message?"

Je, "has slept" hutumika lini? Hutumika pale unapohesabu usingizi uliokwisha kupatikana mpaka sasa. "She has slept for ten hours" maana yake tayari amepata saa kumi za usingizi. "I haven't slept since Sunday" maana yake tangu Jumapili sijapata usingizi. Muuguzi anayemkabidhi mwenzake wodi asubuhi anaweza kusema "He has slept well", kwa sababu usiku umekwisha na anatoa hesabu yake.

"Analala" nayo ina pande mbili. Ikiwa ni desturi, tumia "sleeps": "He sleeps in the front room." Ikiwa unamtazama mtoto ambaye kope zinamshuka mbele ya macho yako, hiyo ni "He's falling asleep." "Alilala" ndiyo yenye njia nyingi zaidi, kwa kuwa "alilala mapema" ni "went to bed early", "alilala ghafla akiwa anasoma" ni "fell asleep while reading", na "alilala saa nane" ni "slept for eight hours" ikiwa unahesabu muda, au "went to bed at two" ikiwa unataja saa ya usiku. Sentensi moja ya Kiswahili inaweza kudai tafsiri mbili tofauti kabisa, na ni wewe tu unayejua ulichokikusudia.

Kuna tofauti nyingine ninayoipenda, kwa sababu inaonyesha jinsi lugha hizi mbili zinavyoutazama usingizi. Kwetu usingizi ndio mtendaji: unamchukua mtu, unamshika, unamwelemea, unampitia. Mtu ni mtendwa tu. Katika Kiingereza cha kila siku mtu ndiye mtendaji wa sentensi, na kitenzi chake ni kuanguka: "I fell asleep." Ukisema "Sleep took me", utaeleweka, lakini itasikika kama shairi. Kwa hiyo unapotaka kusema "usingizi ulinichukua", anza sentensi na "I". Maumbo ya kitenzi hiki ni "fall, fell, fallen", na kosa la kusema "I feel asleep" badala ya "I fell asleep" ni la mara kwa mara hata katika maandishi, hivyo lichunge.

Hatua ya 3: Litumie "asleep" mahali pake na ulitamke sawasawa

"Asleep" ni kivumishi chenye tabia ya pekee: hakikai mbele ya nomino. Unasema "The child is asleep", lakini husemi "the asleep child". Kwa mtoto aliyelala, mbele ya nomino, sema "the sleeping child". Sababu yake ni ya kihistoria. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa mawili, kihusishi "on" na nomino ya usingizi, kama kusema "katika usingizi", na baadaye yakaungana. "Alive" na "afloat" yana asili ya namna hiyohiyo na yanatii kanuni hiyohiyo, na "awake" nalo hutii kanuni hiyo ingawa asili yake ni kitenzi. Ukikumbuka kwamba "asleep" ni "usingizini", hutashawishika kuliweka mbele ya nomino, kama vile usivyosema "usingizini mtoto".

Kwa sababu hiyo pia hatuwezi kusema "very asleep". Usingizi mzito, ule tunaouita wa pono au kulala fofofo, ni "fast asleep" au "sound asleep". Usishangazwe na "fast" hapa, kwani ina maana yake ya zamani ya kushikamana imara, si ya kasi. Aliye nusu macho nusu usingizini ni "half asleep", na aliye macho kabisa ni "wide awake".

Katika matamshi, Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutufanya tuseme "asleep" kwa kuipa nguvu "a" ya mwanzo. Kiingereza hutaka nguvu yote iwe mwishoni, na ile "a" isikike kwa mbali tu. Jambo la pili ni irabu. Sisi tuna "i" moja, ilhali Kiingereza kina mbili, ndefu ya "sleep" na fupi ya "slip". Mtu anayesema "I slipped in the bathroom" ameteleza bafuni, na "I sleep in the bathroom" ni maelezo ya makazi. Jizoeze kuivuta irabu ya "sleep" huku midomo ukiinyoosha kama unayetabasamu. Katika "slept", konsonanti "p" na "t" zimefuatana bila irabu katikati. Funga midomo kwa "p" bila kuiachia, kisha peleka ulimi kwenye "t", na usiongeze "u" wala "i" mwishoni.

Hatua ya 4: Eleza kwamba una usingizi

"Nina usingizi" haitafsiriki kwa "I have sleep". Sema "I'm sleepy" au "I feel sleepy". Jambo la kuzingatia ni kwamba "sleep" ikiwa kitu mtu anachokuwa nacho machoni, kama katika "You've got sleep in your eyes", maana yake ni tongotongo. "Tired" ni uchovu, na mtu anaweza kuwa "tired" bila kuwa "sleepy", kama mkulima aliyerudi shambani saa tisa mchana.

"Drowsy" ni neno ambalo maisha yako yanaweza kulitegemea, kwa kuwa huandikwa kwenye pakiti za dawa: "May cause drowsiness." Maana yake ni kwamba dawa inaweza kukuletea usingizi au kulegea kwa fahamu, na kwamba haifai kuendesha chombo cha moto au mashine baada ya kuimeza. Dawa za mzio za kizazi cha zamani, kama klorfeniramini, ambazo hutumika pia dhidi ya mafua, zinajulikana kwa tabia hiyo. Ikiwa unafanya kazi ya udereva wa bodaboda, basi au lori, lijue neno hili kwa sura na kwa sauti, na umwulize mfamasia moja kwa moja: "Will this make me drowsy?"

Hatua ya 5: Kusinzia na usingizi mfupi

Kusinzia kuna picha, na Kiingereza kimeichora. "Nod off" inatokana na kichwa kinachoinama na kuinuka, kama abiria wa dirishani katika basi la alfajiri ambaye kidevu chake kinagusa kifua, anashtuka, anatazama nje kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha kidevu kinashuka tena. "Doze off" ni kusinzia kwa jumla, bila picha hiyo ya kichwa. "Drift off" ni kuchukuliwa polepole, kama ngalawa iliyofunguliwa kamba na maji yakaisogeza, na hutumika zaidi kwa usingizi mwanana wa kitandani. "Drop off" ni kulala bila kukawia, lakini litumie kwa uangalifu, kwa sababu "drop someone off" ni kumshusha mtu kutoka garini.

Maneno haya yote manne yanaeleza tukio lisilokusudiwa au lisilozuilika, na ndiyo maana yanafaa kwa kuomba radhi. "Samahani, nilipitiwa na usingizi" huwa "I'm sorry, I must have dozed off." Ile "must have" ndiyo inayobeba ule unyenyekevu wa "nilipitiwa", kwani inaonyesha kwamba msemaji mwenyewe amegundua baadaye. Ikiwa kosa ni kuchelewa kuamka, neno lake ni "oversleep": "I overslept." Usilichanganye na "sleep in", ambalo ni kuchelewa kuamka kwa hiari, kama siku ya mapumziko. Mfanyakazi akimwambia bosi wake "I slept in", bosi anaweza kudhani aliamua kujipumzisha.

Usingizi mfupi wa mchana ni "nap". Waingereza husema zaidi "have a nap" na Wamarekani "take a nap". Pia kuna "siesta", neno la Kihispania ambalo Kiingereza kimelichukua kwa ajili ya usingizi wa baada ya chakula cha mchana. Asili yake ni Kilatini, "hora sexta", yaani saa ya sita, kwa kuwa Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia kuchomoza kwa jua. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa neno hili kwa undani kuliko Mwingereza, maana saa yao ya sita ndiyo hasa saa sita yetu ya mchana.

Hatua ya 6: Usingizi unapokataa

Ukiwa ughaibuni, au hata katika hospitali ya nyumbani ambako daktari anazungumza Kiingereza, "I can't sleep" haitoshi kumwonyesha tatizo lako. Madaktari hutofautisha matatizo matatu, nawe unapaswa kuweza kuyataja. La kwanza ni kuchelewa kupata usingizi: "I have trouble falling asleep", au kwa usiku mmoja, "I couldn't get to sleep last night." La pili ni kukatikakatika kwa usingizi: "I have trouble staying asleep", na ukitaka kueleza kwamba ukishaamka usingizi haurudi, "I can't get back to sleep." La tatu ni kuamka mapema kupita kiasi: "I wake up too early."

Kisha utaulizwa ni usiku mara ngapi kwa wiki na kwa muda gani, kwa sababu kwa kawaida hali hiyo huhesabiwa kuwa ugonjwa wa kudumu inapotokea angalau siku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Jibu kwa hesabu: "About four nights a week, since January." Ugonjwa wenyewe huitwa "insomnia". Ikiwa unakoroma, sema "I snore", na kama mwenzi wako amegundua kwamba pumzi hukatika ukiwa usingizini, hiyo ni habari ambayo daktari lazima aisikie neno kwa neno: "My wife says I stop breathing in my sleep." Zingatia "in my sleep", ambayo hutumika pia kwa anayeota kwa sauti, "talks in his sleep", na kwa aliyefariki akiwa amelala, "died in her sleep". Na "jana usiku" ni "last night", wala si "yesterday night".

"Sikupata hata lepe la usingizi" ina mwenzake wa karibu sana: "I didn't sleep a wink." Kujigeuzageuza kitandani ni "toss and turn". Ndoto ya kutisha ni "nightmare", na hapa lugha zetu zinakutana kwa namna isiyotarajiwa. Sehemu ya pili ya neno hilo haina uhusiano na farasi jike, ingawa tahajia ni moja. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina la pepo aliyeaminiwa kumkalia mtu kifuani usiku na kumkaba, yaani jinamizi hasa. Siku hizi anayekabwa hivyo, akiwa macho lakini hawezi kujinyanyua, hueleza hali yake kwa maneno "sleep paralysis".

Jambo moja la hadhari kuhusu ganzi: mguu uliokufa ganzi kwa kuukalia huitwa uliolala, "My foot has gone to sleep." Ikiwa ganzi haiondoki, usitumie usemi huo mbele ya daktari. Sema "My foot is numb."

Hatua ya 7: Epuka mitego

Mtego mkubwa kuliko yote ni "sleep with". Katika Kiingereza usemi huu humaanisha tendo la ndoa, na msikilizaji huuelewa hivyo kwanza. Ukitaka kusema ulilala chumba kimoja na ndugu yako, sema "I shared a room with my brother." Nimesikia vijana wenye heshima zao wakieleza maisha ya bweni kwa maneno yaliyowafanya wasikilizaji wainamishe vichwa, na wao wenyewe wasijue kwa nini.

Mtego wa pili ni "put to sleep". Kwa mtoto inaeleweka, na kwa mgonjwa wa upasuaji pia, lakini kwa mnyama humaanisha kumwua kwa sindano ya daktari wa mifugo ili asiteseke. Kumlaza mtoto ni "put the baby to bed", na kumbembeleza hadi usingizi umchukue ni "get the baby to sleep" au, ukimpembeza, "rock the baby to sleep". Walezi wa watoto wanaofanya kazi Muscat au Dubai hukutana na maagizo haya kila jioni, na tofauti kati ya "put her to bed at seven" na "she should be asleep by seven" ni tofauti ya nusu saa ya kazi. "Fall asleep" yenyewe imetumika pia kama tafsida ya kifo, na katika makaburi ya zamani ya Kiingereza utakuta "fell asleep" ikifuatwa na tarehe.

Mtego wa tatu ni "lie" na "lay", ambao huwashinda hata wazawa wa lugha. Sisi tuna ufunguo wake tayari: "lie" ni kulala na "lay" ni kulaza. "Lie down" ni jilaze, na "lay the baby on the mat" ni mlaze mtoto mkekani. Ugumu unatokea kwa sababu wakati uliopita wa "lie" ni "lay", na wa "lay" ni "laid". Katika chumba cha uchunguzi utaambiwa "Lie on your back" kwa kulala chali, "on your stomach" kwa kifudifudi, na "on your side" kwa ubavu. Muuguzi anayemwambia mgonjwa mgeni "Sleep on the bed" anamwambia apate usingizi, ilhali anataka tu ajinyooshe.

Vihusishi navyo vina desturi zao. Mtu aliyejifunika shuka yuko "in bed", na aliyejitupa juu ya kitanda kilichotandikwa na viatu vyake yuko "on the bed". Sisi tunalala ndani ya chandarua, lakini Kiingereza hulala chini yake: "sleep under a mosquito net". "Kulala njaa" huandikwa mara nyingi "sleep hungry" katika Kiingereza cha Afrika Mashariki. Kwa msomaji wa nje andika "go to bed hungry".

Hatua ya 8: Chagua neno kwa kumtazama unayezungumza naye

Kiingereza kina misemo mingi ya mitaani kuhusu usingizi, na wanafunzi huipenda kupita kiasi. "Hit the sack", "hit the hay" na "turn in" zote ni kwenda kulala, na "kip" ni usingizi kwa Waingereza. "Sleep like a log" ni kulala kama gogo, na "out like a light" ni kuzimika papo hapo kama taa. Zitumie kwa marafiki. Katika barua ya kazi au mbele ya daktari, maneno ya hatua zilizotangulia yanatosha. Msemo mmoja unaofaa hata ofisini ni "Let me sleep on it", ambao ni kuomba muda wa kulifikiri jambo hadi kesho yake.

Katika salamu, watu wa pwani wana msaada ulio tayari. "Masalkheri" ni ya kukutana jioni, na "alamsiki" ni ya kuagana usiku, nayo hujibiwa "binuru". Kiingereza kina mgawanyo huohuo: "Good evening" ni ya kukutana na "Good night" ni ya kuagana. Ukiingia mahali saa mbili usiku na kusema "Good night", umeaga kabla ya kuketi. "Lala salama" ni "Sleep well", na kwa mtoto au mtu wa karibu, "Sleep tight". Baadhi ya watu husimulia kwamba "tight" inatokana na kamba za vitanda vya zamani zilizohitaji kukazwa, jambo ambalo aliyelala kitanda cha kamba atalielewa mara moja, lakini neno hilo lilikuwa pia na maana ya "sawasawa, barabara", na hiyo yatosha kuueleza msemo. Asubuhi, "Umeamkaje?" isitafsiriwe neno kwa neno. Uliza "Did you sleep well?"

Hatua ya 9: Fanya zoezi la siku 7

Weka daftari dogo karibu na mto. Kila asubuhi, kabla ya kushika simu, andika sentensi nne au tano kuhusu usiku uliopita, na katika kila ukurasa ujibu maswali haya: ulipanda kitandani saa ngapi, usingizi ulikuchukua lini, uliamka mara ngapi, na uliondoka kitandani saa ngapi. Hilo la mwisho litakulazimisha kutofautisha "wake up", ambayo ni kufumbua macho, na "get up", ambayo ni kuteremka kitandani. Andika kwanza saa kwa Kiswahili, kisha uigeuze. Siku ya tatu, anza kuandika pia kuhusu mtu mwingine wa nyumbani, ili upate kutumia "was asleep" na "was still asleep". Usibadilishe misemo kwa kutafuta uzuri. Rudia ileile mpaka itoke bila kufikiri.

Mlinzi wangu alilifanya zoezi hili, ingawa kwa mtu wa zamu ya usiku kila kitu kiligeuka juu chini. Ukurasa wake wa siku ya tano, aliponiletea darasani, ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya risasi, na neno moja lilikuwa limefutwa na kuandikwa upya: "I got home at seven and went to bed at eight. The children were noisy, so I couldn't get to sleep. I fell asleep at about ten. My wife came in at one, but I was fast asleep." Neno lililofutwa, ambalo bado lilisomeka chini ya "was", lilikuwa "have".